Barua ya wazi: Kabla ya kununua kinu cha nyuklia, tuambieni nani ataifungua fueli yake

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya nishati na sayansi,
Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

YAH: MAABARA YA KUCHUNGUZA FUELI YA NYUKLIA ILIYOTUMIKA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, fundi wa maabara. Kwa miaka 11 riziki yangu imetoka mbele ya dirisha moja huko Ulaya. Ni dirisha la kioo chenye risasi, unene wake unazidi urefu wa mkono wangu, na nyuma yake kuna chumba ambacho binadamu haingii. Ndani ya chumba hicho ndimo inamofunguliwa fueli iliyotoka kwenye vinu vya nyuklia. Kazi yangu ni kuikata, kuipima na kuipiga picha kwa mikono ya chuma ninayoiongoza nikiwa huku nje.

Naitoa barua hii hadharani kwa sababu njia ya ndani nimeimaliza. Niliandika barua tatu kwa ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, maana tatizo si la ofisi moja. Ya kwanza ilipigwa muhuri wa kupokelewa nikaambiwa niwe nafuatilia. Nikafuatilia. Ya pili nilijibiwa kwa simu kwamba jambo langu ni zuri ila ni la baadaye sana. Ya tatu haikujibiwa kabisa.

Wakati huohuo mambo hayasubiri. Kenya inapanga kinu cha utafiti na kituo cha umeme, na wananchi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kupinga kituo kujengwa kwao. Uganda imetenga eneo la Buyende kwa kituo chake. Rwanda ilisaini mwaka 2023 makubaliano ya kinu cha majaribio cha aina mpya kabisa. Kwetu Tanzania, mtambo wa majaribio wa kuchakata urani ulizinduliwa Namtumbo Julai 2025. Sipingi lolote kati ya haya. Nasema hivyo mapema kwa sababu kila ninapouliza swali langu huulizwa kama nimetumwa na wapinzani wa nyuklia. Mpinzani wa nyuklia asingefanya kazi hii kwa miaka 11.

Swali langu ni hili. Katika mipango niliyobahatika kuisoma nimeona eneo la kujenga, maji ya kupoza, nyaya za umeme, mafunzo ya waendeshaji, hata taka. Sijaona mstari mmoja unaosema fimbo ya fueli ikishatumika itafunguliwa na nani, wapi, na matokeo atakabidhiwa nani.

Mniruhusu nieleze kidogo, ili tuwe tunazungumza kitu kimoja. Fueli ni vidonge vya oksidi ya urani, vinene milimita 8 hivi, virefu kama sentimita 1. Vidonge mamia hupangwa ndani ya mrija wa zirkoni wa karibu mita 4, ambao ganda lake halifiki unene wa milimita 1. Huo mrija ndio fimbo. Fimbo 264 hufanya fungu moja, na kila kimoja cha vinu viwili vya Koeberg, Afrika Kusini, hubeba mafungu 157. Pigeni hesabu: fimbo zaidi ya 41,000 katika kinu kimoja, na kwenye kila fimbo kinachotenganisha sumu ya ndani na maji ya kinu ni hilo ganda jembamba.

Wengi hudhani fimbo ikitoka kinuni ni jivu la kuni, kazi yake imekwisha. Sisi tunaoipokea tunajua kwamba kazi nyingine ndiyo inaanza. Kwanza tunaitoboa. Gesi za zenoni na kriptoni zilizozaliwa ndani yake hukimbilia kwenye chombo cha kupimia, na chumba kizima hunyamaza tukikodolea macho kipimo. Kikipanda kupita tulivyotarajia, maana yake ganda lilikuwa likisukumwa kutoka ndani kwa nguvu ambayo hesabu za mtengenezaji hazikuisema. Kisha tunakata pete nyembamba, tunaisugua hadi ing'ae, tunaiweka chini ya hadubini.

Mara ya kwanza nilipokiona kidonge kilichokatwa nilishtuka. Kilikuwa kimepasukapasuka kama tope la mto uliokauka. Mwalimu wangu akaniambia vyote hupasuka hivyo, tena siku ya kwanza kabisa kinu kinapopandishwa, kwa sababu katikati joto hupita nyuzi 1,000 na pembeni ni mamia machache tu. Akanifundisha nisihangaike na nyufa, nitazame ukingo. Pale ukingoni, kwa fueli iliyokaa sana kinuni, kuna utepe mweusi: chembe zimegawanyika zikawa ndogo mno, katikati yake vitundu vya gesi vimejaa tele. Ule utepe, pamoja na kutu ya nje ya ganda na haidrojeni iliyoingia ndani yake, ndivyo vinavyotuambia kama fimbo ingestahimili mwaka mmoja zaidi au la. Kamera ya bwawani, yaani kwenye bwawa la maji ambamo fueli hupoa ikitoka kinuni, haiuoni. Kompyuta hukisia tu, na makisio yake husahihishwa kwa picha kama hizi.

Sasa niseme yanayonisumbua.

1. Tunakaribia kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Atakayetuuzia kinu ndiye atakayetuuzia fueli, na ndiye atakayetueleza fueli hiyo imefanyaje kazi. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba hata wajuzi hushangazwa. Mwaka 2006 katika kinu cha majaribio cha Halden, Norwei, fimbo iliyotumika kwa muda mrefu sana ilipashwa joto makusudi ili kuiga ajali ya kupotea kwa maji ya kupoza. Ganda likavimba, likapasuka. Hilo lilitarajiwa. Ambalo wengi hawakulitarajia ni kwamba fueli ya ndani ilikuwa imesagika na ikamwagika nje. Wasimamizi wa usalama wa Marekani wakaagiza majaribio zaidi kwenye maabara ya Studsvik, Uswidi, na mpaka leo kampuni ya umeme ikiomba kuiacha fueli kinuni muda mrefu zaidi, suala la kusagika linakuwa mezani. Ombi hilo litafika kwetu pia, kwa sababu fueli inayokaa muda mrefu hupunguza gharama. Atakayekaa upande wetu wa meza siku hiyo atakuwa na picha gani mkononi?

2. Ikitokea ajali, hatutajua kilichotokea. Baada ya ajali ya Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, wataalamu walibishana kwa miaka juu ya kiasi cha fueli kilichoharibika. Kamera ilipoteremshwa Julai 1982 ikakuta sehemu ya juu ya kiini, yaani mahali pa kinu panapobeba fueli, ni tupu. Mabaki yaliposafirishwa kwa reli hadi maabara za Idaho, yakakatwa na kuchunguzwa, ndipo ilipothibitika kwamba karibu nusu ya kiini iliyeyuka na takriban tani 20 zilitiririka hadi sakafu ya chungu cha kinu. Angalieni miaka: tangu 1979 hadi nusu ya pili ya miaka ya 1980, katika nchi yenye maabara nyingi za aina hii kuliko karibu nchi yoyote. Fukushima wamesubiri zaidi. Ajali ni ya Machi 2011, na kipande cha kwanza cha fueli iliyoyeyuka kilitolewa Novemba 2024. Kilikuwa na uzito wa gramu 0.7 hivi, kati ya tani zinazokadiriwa kufika 880. Kipande hicho, kidogo kama punje ya mchele, kilikimbizwa maabara ya Oarai, kwa sababu Japani ina pa kukipeleka.

Hapa najua mtaniambia ajali si kitu cha kila siku. Kweli. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni fimbo kuvuja. Pengine ni uzi mdogo wa chuma uliosahaulika wakati wa matengenezo, maji yakauchezesha juu ya ganda mpaka likatoboka. Pengine ni kosa la kiwandani. Nimeziona zote mbili, na kwa macho ya nje zilifanana. Tofauti ilionekana tulipokata. Na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani alipe, mnunuzi au muuzaji.

3. Foleni ya dunia inarefuka. Vinu vya kujaribia fueli vinafungwa kimoja kimoja. Kinu cha R2 cha Studsvik kilifungwa 2005. Osiris ya Ufaransa ilizimwa 2015. Halden, kilichofanya kazi ndani ya mlima kwa takriban miaka 60, kilifungwa moja kwa moja Juni 2018, na JEEP II cha Kjeller, Norwei hiyohiyo, kikafuata 2019. Kinu cha Jules Horowitz kule Cadarache, Ufaransa, kilianza kujengwa 2007 na ujenzi umechelewa kwa miaka mingi. Vyumba vya mionzi, kama kile ninachofanyia kazi, vilivyobaki vina wateja wa zamani wanaojuana kwa majina. Mteja mpya mwenye kinu kimoja hukaa nyuma.

4. Kusafirisha si jambo la lori na turubai. Fungu lililotoka kinuni karibuni, bila kinga, humpa mtu aliyesimama karibu nalo kiasi cha mionzi cha kumuua ndani ya dakika chache, kwa hiyo husafirishwa ndani ya kasha la chuma ambalo uzito wake hufika makumi ya tani. Madaraja ya kutoka kituoni hadi bandarini yamepimwa kwa uzito huo?

5. Watu. Hapa naomba nikae kidogo, kwa maana fedha mnaweza kukopa na zege mnaweza kumwaga kwa mwaka, ila mikono hainunuliki. Mwaka wangu wa pili kazini niliangusha kipande cha ganda kisichozidi ukucha wa mtoto. Kilidunda, kikapotea kwenye sakafu ya chumba. Siwezi kuingia kukiokota, hakuna anayeweza. Nilikitafuta siku mbili kupitia kioo, kwa vidole vya chuma visivyohisi kitu, huku majirani wa chumba cha pili wakinisubiri nimalize. Kilikuwa kipande pekee cha sehemu ile ya fimbo, na fimbo ile ilikaa kinuni miaka mitano. Nilikipata chini ya mguu wa mashine ya kukatia. Baada ya hapo ndipo nilipoanza kufundishika. Fundi wa kuaminika hapikwi kwa semina ya wiki mbili, huchukua miaka mitano au zaidi. Kama kinu cha kwanza kinatarajiwa katikati ya miaka ya 2030, vijana hao walipaswa kuwa wameshaanza.

6. Kumbukumbu yetu wenyewe. Kinu cha kwanza barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Kilichokifuata, TRICO II, kiliwashwa 1972 na kimezimwa tangu 2004. Fimbo mbili za fueli ziliibwa pale miaka ya 1970. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Ya pili haijaonekana. Silitaji hili kuwadharau ndugu zetu wa Congo, walioachiwa mtambo mkubwa bila mfumo wa kuulea. Nalitaja kwa sababu kinu bila watu, bila vyumba na bila hesabu ya kila fimbo huishia huko. Na lipo jingine linaloniuma zaidi. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilichimbwa na watu wanaozungumza Kiswahili hiki ninachoandika. Utajiri ule ndio ulioifungulia Ubelgiji mlango wa sayansi ya nyuklia; kituo chao cha utafiti, ambacho maabara zake ziko Mol, kilianzishwa 1952 na leo kina vyumba vya mionzi vya kiwango cha juu. Katanga hakuna hata kimoja. Sasa tunajiandaa kuchimba Namtumbo.

Waheshimiwa, majibu mtakayopewa na wasaidizi wenu nayajua, kwa kuwa nimeshapewa mimi.

Watasema muuzaji ataichukua fueli yake. Inawezekana, Iran ilikubaliana hivyo na Urusi kwa kinu cha Bushehr, na Ghana iliirudishia China fueli ya kinu chake kidogo cha utafiti Agosti 2017. Ila fueli ikiondoka, ushahidi umeondoka nayo. Kama fimbo ilivuja kwa kosa la kiwandani, mwenye kiwanda ndiye atakayeichunguza na ndiye atakayetuandikia ripoti. Zaidi ya hayo, fueli iliyotoka kinuni haisafirishwi kesho yake. Hukaa bwawani miaka ikipoa, na bwawa hilo litakuwa letu.

Watasema Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, litatusaidia. Litatusaidia kweli, kwa ushauri na mafunzo, na lina orodha ya maabara hizi duniani. Wakaguzi wake huhesabu fueli ili isiishie kwenye silaha. Kukata fimbo yako na kukwambia kwa nini inavuja si kazi yao.

Watasema ni ghali. Ni ghali, siwezi kuwadanganya. Kuta za zege za mita moja na zaidi, hewa inayovutwa ndani muda wote ili kisivuje kitu, vioo vinavyoagizwa kwa oda maalumu. Nchi moja yenye kinu kimoja haina sababu ya kujenga maabara kamili siku ya kwanza, na siombi hivyo. Lakini Norwei haijawahi kuwa na kituo hata kimoja cha umeme wa nyuklia, na ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa Halden, mradi uliochangiwa na takriban nchi 20. Waligawana gharama, wakagawana na matokeo. Jumuiya yetu ina vyombo vya kufanya hivyo tayari.

Ninaloomba ni hili, na naliomba kabla ya mkataba wowote wa ununuzi kusainiwa:

Kwanza, kila mkataba wa fueli uwe na kifungu kinachoipa nchi haki ya kuchagua fimbo zake za kuchunguzwa, kumtuma mtaalamu wake asimame mbele ya dirisha wakati zinafunguliwa, na kupewa takwimu ghafi pamoja na picha, si muhtasari. Hili halina gharama ya zege. Linahitaji mwanasheria aliyeelekezwa. Likikosekana siku ya kusaini, halitapatikana tena.

Pili, kila kituo kijengwe na vifaa vya ukaguzi bwawani tangu mwanzo: kamera, vipimo vya kutu ya ganda, kifaa cha kubaini fungu linalovuja. Hata kinu cha utafiti kisikose hivi.

Tatu, mazungumzo yaanze mwaka huu na wenzetu wa Afrika Kusini. Pelindaba wana kinu cha SAFARI-1 kilichowashwa 1965, na wana vyumba vya mionzi. Ni karibu kuliko Ulaya, na wana uzoefu wa miongo mingi. Tujue wanaweza kutuchunguzia nini, kwa masharti gani, na ni kipi tujenge wenyewe kama Jumuiya.

Nne, vijana wasiopungua 10 kutoka kila nchi wapelekwe kwenye maabara hizi kujifunza kwa vitendo, kwa mikataba ya miaka mitano na kazi inayowasubiri nyumbani. Wawemo mafundi, si wahandisi peke yao. Katika chumba cha mionzi anayeshika fimbo ni fundi.

Tano, matokeo ya kila uchunguzi yatangazwe kwa wananchi kwa Kiswahili. Mama wa Uyombo aliyeandamana ana haki ya kusoma hali ya fueli ambayo ingekaa jirani naye, kwa lugha anayonunulia samaki.

Naomba majibu ndani ya siku 90, hadharani kama barua hii ilivyo. Kama nimekosea mahali, nitashukuru kusahihishwa. Kama mpango huo upo na sikuuona, uonyesheni, nami nitaandika tena kuwashukuru. Na ikiwa mtahitaji mtu wa kuwafundisha hao vijana jinsi ya kushika kipande kidogo kuliko ukucha kupitia kioo cha mita moja, nipo tayari kurudi nyumbani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa maabara ya mionzi, mzaliwa wa Tanga

Nakala:
Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki
Wananchi wa Kilifi, Siaya, Buyende na Namtumbo